Bei ya Haki ya Gari Kuukuu



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake, maswahaba zake na kila anayefuata mwenendo wao mpaka siku ya Kiyama. Ama baada ya hayo:

Wanafunzi wapenzi na wazazi wetu watukufu, katika jarida letu tumezoea kusoma habari za swala, funga, tohara na adabu. Mwaka huu nimeona niandike somo la muamala, yaani namna tunavyouziana na kununuliana. Sababu ni kwamba wengi wetu hapa Manyoni tunajua vizuri mambo yanayobatilisha udhu, lakini tukifika mnadani au gereji tunaacha elimu yetu mlangoni. Na katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim, Mtume (S.A.W.) alimtaja msafiri aliyechoka, nywele zimemtimka, ananyanyua mikono kumwomba Mola wake, lakini chakula chake, kinywaji chake na nguo yake ni vya haramu, akauliza vipi mtu huyo atajibiwa dua yake. Kwa hiyo habari ya bei ni habari ya ibada pia.

Somo lenyewe nitalieleza kwa tukio lililonipata mimi mwenyewe, ambalo ndani yake nilikosea kabla sijarekebishwa.

GARI CHINI YA MKWAJU

Mama mmoja wa hapa mjini alifiwa na mume wake. Marehemu aliacha nyumba, mbuzi wachache na Land Rover 109 ya pikapu. Watu wazima wanaikumbuka gari hiyo. Ilibeba magunia ya alizeti na mtama, ilipandisha wagonjwa usiku kutoka vijiji vya bondeni, na mara nyingi ilibeba jeneza bila malipo. Lakini mwenyewe alipougua ilisimama, na kwa miaka miwili ikakaa chini ya mkwaju, kuku wakitaga kwenye kiti cha dereva.

Warithi walikuwa ni mama huyo, mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike, wote watatu bado wadogo. Wazazi wa marehemu walishatangulia mbele ya haki. Mdogo wake marehemu aliteuliwa na Mahakama ya Mwanzo kuwa msimamizi wa mirathi. Madeni yalilipwa, wasia haukuwepo, na familia ikakubaliana gari liuzwe.

Zikaja bei tatu. Mnunuzi wa vyuma chakavu alitoa shilingi 1,500,000. Mzee mmoja, mkulima wa alizeti na mzazi mwenzetu hapa madrasa, mtu wa safu ya kwanza msikitini, alitoa 3,000,000. Na kijana mmoja dalali alionesha kwenye simu picha ya Land Rover kama ile iliyoandikwa bei ya 12,000,000, akasema tusiuze chini ya hapo.

Mama akaniita kuniuliza. Mimi, kwa vile namheshimu yule mzee na najua hisani yake kwa madrasa, nikamwambia: "Mama, chukua hizo milioni tatu. Mzee ni mtu mwema, na bei yake ni mara mbili ya bei ya chuma chakavu."

Binti yake mkubwa, ambaye ni mwanafunzi wangu, alikuwa anapepeta mchele pembeni. Akaniuliza kwa adabu: "Ustadh, hiyo milioni tatu imetoka wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimempima mnunuzi badala ya kulipima gari. Nikamwambia mama anipe siku chache, na ndipo likaanza somo hili.

1. BEI YA HAKI NI IPI?

Kwanza tuelewe kwamba Uislamu haukuweka bei maalum ya kila kitu. Amesimulia Anas (R.A.) kwamba bei zilipanda Madina, watu wakamwomba Mtume (S.A.W.) awapangie. Akakataa, akaeleza kuwa Allah ndiye Mwenye kupanga bei, Mwenye kubana na kukunjua riziki, na kwamba yeye anataraji kukutana na Mola wake pasiwe na mtu anayemdai dhuluma ya damu wala mali. Hadithi hii wameipokea Abu Daud, Tirmidhi na Ibn Majah.

Pia faida haikuwekewa kiwango. Urwa al-Bariqi (R.A.) alipewa na Mtume (S.A.W.) dinari moja akanunue kondoo. Akanunua wawili kwa dinari ile, akamuuza mmoja kwa dinari moja, akarudi na kondoo pamoja na dinari. Hakukemewa, bali aliombewa baraka katika biashara yake. Imo katika Sahih Bukhari.

Basi kama bei haikupangwa, dhuluma inaingilia wapi? Qur'an, Surat An-Nisaa aya ya 29, inakataza waumini kuliana mali zao kwa batili, isipokuwa iwe ni biashara ya kuridhiana. Na kuridhiana kwa kweli kunahitaji kujua. Mtu aliyefichwa kasoro, aliyedanganywa, au asiyejua thamani ya anachouza, ulimi wake unaweza kusema "nimekubali" na moyo wake ukaja kulia baadaye.

Wanazuoni wa fiqhi wana kipimo wanachokiita thamanul-mithl, yaani bei ya mfano wake. Maana yake ni bei ambayo kitu kama hicho, katika hali kama hiyo, huuzwa mahali hapo na wakati huo, baina ya watu wanaojua na wasiolazimishwa. Zingatieni maneno haya manne: kitu, hali, mahali na wakati. Likikosekana moja, kipimo kimeharibika.

2. HATUA YA KWANZA: KUTAFUTA MFANO WAKE

Tuliwatafuta mafundi wawili wa Land Rover, kila mmoja tukamuuliza peke yake ili mwenzake asimfuate kwa maneno. Tukauliza pia watu walionunua au kuuza gari za aina hiyo hapa Manyoni, Singida mjini na Dodoma. Tulikuwa na maswali mawili tu: liliuzwa shilingi ngapi, na lilikuwa katika hali gani?

Angalieni, hatukuuliza mtu anataka kuuza kwa shilingi ngapi. Bei inayoombwa ni matumaini ya muuzaji, na bei iliyolipwa ndiyo ushahidi. Ile milioni 12 ya kwenye simu ilikuwa bei ya kuombwa, tena ya gari lililofufuliwa lote, lenye rangi mpya, lililokuwa Arusha.

Arusha nayo ina soko lake. Huko kuna kampuni za watalii na watu wanaozipenda Land Rover kwa ukale wake. Oktoba 2024 zilikusanyika huko zaidi ya Land Rover 1,000 katika tamasha moja. Mpenzi wa magari ya zamani yuko tayari kulipia zaidi gari ambalo vifaa vyake vya asili bado vipo. Hiyo ni thamani halali, wala hatukuidharau. Tulimuuliza yule dalali kama anaye mnunuzi wa namna hiyo atakayefika Manyoni, au atakayelipa gharama za kulibeba gari mpaka kwake. Hakuwa naye. Ukale peke yake hauongezi bei. Unaoiongeza ni ukale wenye mtu anayeutaka na yuko tayari kuulipia.

Tarakimu zifuatazo nimezirahisisha ili hesabu iwe nyepesi kwa wanafunzi, na ni za mfano wa siku ile, mtu asizifanye mizani ya gari lake. Tulipata mauzo matatu ya pikapu za aina ile zinazotembea na kufanya kazi: 8,500,000, 9,000,000 na 9,500,000. Katikati yake ni 9,000,000. Hiyo ikawa bei ya mfano wake likiwa zima.

3. HATUA YA PILI: KUKAGUA HALI NA KUTOA GHARAMA

Gari letu halikuwa zima. Tukawapeleka mafundi chini ya mkwaju. Nitaeleza walivyokagua kwa sababu wazazi wengi hununua magari kwa kutazama rangi.

(a) Chesesi. Land Rover ya kwanza ilioneshwa kwa watu mjini Amsterdam, Uholanzi, Aprili 1948. Wakati ule, baada ya Vita Kuu ya Pili, chuma kilikuwa adimu Uingereza, kwa hiyo bodi yake ilitengenezwa kwa mchanganyiko wa alumini. Alumini haiozi kwa kutu kama chuma. Lakini chesesi, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa gari, ni ya chuma, nayo huoza. Kwa hiyo unaweza kuona bodi safi iliyokalia mfupa uliooza. Fundi alilala chini akagonga chesesi kwa nyundo ndogo hatua kwa hatua. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti ya kufa. Jina la 109 nalo ni urefu kwa inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, karibu mita 2.77. Urefu huo huwatia watu tamaa ya kupakia kupita kiasi.

(b) Injini. Iwashwe ikiwa ya baridi, kwa hiyo nenda asubuhi kabla mwenyewe hajaipasha moto. Moshi wa bluu ni dalili ya injini kula oili. Moshi mweupe usiokoma ni dalili ya maji kuingia ndani. Moshi mweusi ni mafuta yasiyoungua sawasawa. Chomoa kijiti cha kupimia oili. Ukiona oili imekuwa kama chai ya maziwa, ujue imechanganyika na maji.

(c) Breki, usukani na klachi. Haya yajaribiwe kwa kuendesha, pamoja na mlima na mteremko. Mtu anayetegemea kushuka mteremko wa Kilimatinde na mzigo asiridhike na breki iliyojaribiwa uwanjani.

(d) Namba na karatasi. Namba ya chesesi na ya injini zilingane na zilizoandikwa kwenye kadi ya gari. Ulizeni kama kadi imewekwa rehani mahali, kama kuna faini za barabarani hazijalipwa, na nani mwenye haki ya kusaini. Gari la marehemu haliuzwi na yeyote aliyeshika funguo. Huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa, ili mnunuzi aweze kubadilisha umiliki TRA. Gari lenye karatasi mbovu halina bei sawa na mwenzake hata kama injini zao ni mapacha.

Mafundi waliazima betri, wakabadilisha mafuta, na kwa rehema ya Allah injini ikawaka. Wakaandika yanayohitajika ili gari lifanye kazi: breki 450,000, tairi nne 1,200,000, betri 250,000 na klachi 300,000. Jumla 2,200,000. Ukitoa katika 9,000,000 inabaki 6,800,000.

Hapo ndipo msimamizi aliposema kwa furaha kwamba tumepata bei. Lakini mama alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Ustadh, kuna jambo. Marehemu aliwahi kupakia mawe, chesesi ikapasuka kule nyuma. Ilichomelewa tu ikapakwa lami. Mafundi hawakupaona."

Ndugu msomaji, fikiri hali ya mama huyu. Mjane, ana watoto watatu, na hakuna mwingine hai aliyejua siri ile. Fundi alirudi chini ya gari, akakwangua lami, akaukuta ufa. Kuurekebisha inavyotakiwa ni 400,000. Bei ikashuka hadi 6,400,000.

4. KASORO HAIFICHWI

Alichofanya mama yule kina asili katika dini. Amesimulia Abu Huraira (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alipita penye rundo la chakula sokoni, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akasema kimenyeshewa na mvua. Mtume (S.A.W.) akamuuliza kwa nini hakukiweka juu watu wakakiona, kisha akaeleza kwamba mwenye kughushi hayuko pamoja naye. Ameipokea Muslim. Lami juu ya ufa wa chesesi ni sawasawa na nafaka kavu juu ya nafaka mbichi.

Imam Ahmad na al-Hakim wamepokea kisa kingine, ambacho kinafanana zaidi na habari ya magari kwa sababu ni cha mnyama wa usafiri. Mtu mmoja alinunua ngamia jike. Wakati anaondoka naye, swahaba Wathila bin al-Asqa' (R.A.) akamfuata, akamuuliza kama amebainishiwa kasoro yake. Mnunuzi akasema anamwona mnene mwenye afya. Wathila akamuuliza kama anamtaka kwa nyama au kwa safari. Akajibu ni kwa safari ya Hija. Ndipo akamwambia kwamba ukwato wake una tundu. Muuzaji akalalamika kuwa anaharibiwa biashara yake. Wathila akamweleza kuwa alimsikia Mtume (S.A.W.) akisema si halali mtu kuuza kitu bila kubainisha kilichomo, wala si halali kwa anayejua kunyamaza.

Tunajifunza hapa mambo mawili. La kwanza, kasoro hupimwa kwa matumizi: tundu la ukwato si kitu kwa mwenye kutaka nyama, ni balaa kwa mwenye safari. Vivyo hivyo, chesesi iliyopasuka haimsumbui anayenunua gari ili lipate kuwa spea, lakini ni hatari kwa atakayepakia magunia. La pili, hata asiyekuwa muuzaji, kama fundi au jirani, analazimika kusema akijua.

Ziko hila nyingine ambazo Mtume (S.A.W.) alizikataza, nazo bado zinatembea kwa majina mapya:

Kwanza ni kukusanya maziwa kiweleni. Alikataza kumfunga kiwele ngamia au mbuzi ili aonekane ana maziwa mengi, na akampa mnunuzi hiari ya kumbakisha au kumrudisha pamoja na pishi ya tende. Wenzake wa leo ni oili nzito inayomwagwa ili injini isitoe moshi siku ya mnada, rangi mpya juu ya kutu, na kurudisha nyuma namba za maili.

Pili ni najshi, yaani mtu asiyetaka kununua kupandisha bei ili amwingize mwenzake. Nakiri kwamba hili lilitujia. Kijana mmoja wa familia alishauri rafiki yake ampigie simu msimamizi mbele ya yule mzee, ajifanye anatoa milioni 8. Tukamkatalia. Haki ya yatima haitafutwi kwa uongo.

Tatu ni kuwapokea wenye bidhaa njiani kabla hawajafika sokoni wakajua bei. Mwenye kuuza namna hiyo alipewa hiari atakapofika sokoni. Wanaozunguka vijijini kununua mali kwa watu wasiojua bei wajipime kwa hadithi hii.

Na neno la "nauza kama lilivyo" halimwokoi muuzaji anayeijua kasoro akainyamazia. Mnunuzi akigundua kasoro ya zamani iliyofichwa ana haki ya kurudisha, na kwa madhehebu yetu ya Kishafii asicheleweshe bila udhuru baada ya kugundua.

5. MNUNUZI NAYE ANAWEZA KUDHULUMU

Wengi tukisikia dhuluma ya bei tunamfikiria muuzaji tu. Lakini mnunuzi anayejua, akikutana na muuzaji asiyejua, yeye ndiye mwenye nguvu.

Jarir bin Abdillah (R.A.) alimwagiza mtumishi wake amnunulie farasi. Akampata kwa dirham 300, akaja na mwenye farasi alipwe. Jarir alipomtazama farasi akamwambia mwenyewe kuwa anastahili zaidi ya hapo, je atauza kwa 400? Akaendelea kupandisha mia kwa mia mpaka akamnunua kwa 800. Alipoulizwa, akasema kuwa alimpa Mtume (S.A.W.) ahadi ya kumtakia kheri kila Mwislamu. Kisa hiki amekipokea Tabarani, na ahadi yenyewe imo katika Bukhari na Muslim.

Hii haina maana kwamba kujadili bei ni vibaya. Mtume (S.A.W.) mwenyewe alijadiliana bei na Jabir (R.A.) juu ya ngamia wake aliyechoka wakiwa safarini. Walipofika Madina akamlipa bei, akamzidishia, kisha akamrudishia na ngamia wake. Kujadiliana ni sunna. Kilicho kibaya ni kuutumia ujinga wa mwenzako au shida yake.

Wanafunzi wakubwa watauliza: je, mama angeuza kwa milioni tatu kwa ridhaa yake, mauzo yangebatilika? Jibu linahitaji kutenganisha. Mtu mzima mwenye akili timamu akiuza mali yake mwenyewe kwa bei ndogo, bila kudanganywa wala kufichwa kitu, kwa madhehebu yetu mauzo yanasihi, na kupunjika peke yake hakumpi haki ya kuyavunja. Baadhi ya wanazuoni wa madhehebu mengine wamempa hiari aliyepunjika sana. Lakini msimamizi wa mali ya yatima, na kila wakala, si kama mwenye mali. Yeye haruhusiwi kuuza chini ya bei ya mfano kwa upungufu ambao watu hawauvumilii. Wanazuoni wa Kishafii wametoa mfano: kitu chenye thamani ya 10 kikiuzwa kwa 9 huvumilika, kikiuzwa kwa 8 hakivumiliki, na desturi ya kila aina ya mali iangaliwe. Kwa gari letu la 6,400,000, tisa ya kumi yake ni 5,760,000. Milioni tatu, niliyoishauri mimi, haikufika hata nusu ya thamani.

6. NI MALI YA NANI?

Tuligawa bei kwa mujibu wa Surat An-Nisaa, aya ya 11 na 12. Mke, kwa kuwa marehemu ana watoto, hupata thumni, yaani 1/8. Kilichobaki ni cha watoto, wa kiume akipata mafungu mawili ya wa kike. Kwa bei ya 6,400,000:

Mke: 800,000.
Mtoto wa kiume: 2,800,000.
Kila binti: 1,400,000.

Kwa bei ya 3,000,000 mke angepata 375,000, mtoto wa kiume 1,312,500 na kila binti 656,250. Basi ushauri wangu wa dakika moja ungemkosesha kila binti 743,750, na mmoja wao ndiye aliyeniuliza bei imetoka wapi. Katika sura hiyo hiyo, aya ya 10, wako walioonywa kwamba wanakula moto matumboni mwao kwa kula mali ya yatima kwa dhuluma. Nilipoisoma usiku ule sikuisoma kama nilivyozoea kuifundisha.

Tulikwenda kwa yule mzee mimi na msimamizi. Tukamwonesha karatasi ya mafundi, pamoja na ufa wa chesesi ambao yeye hakuwa anaujua. Nikamsimulia kisa cha Jarir na farasi. Alitusikiliza, hakujibu kitu, nasi tukaaga. Baada ya swala ya Isha alinifuata nje ya msikiti akasema: "Ustadh, mimi nilikuwa najadiliana na mama yao. Sikujua kuwa najadiliana na watoto."

Aliomba siku tatu alipeleke gari kwa fundi wake mwenyewe, na hiyo ni khiyari ya sharti ambayo sheria inaikubali. Fundi wake alikubaliana na karatasi yetu. Akanunua kwa 6,400,000, akalipa 4,000,000 siku ile, na 2,400,000 zikaandikwa kuwa deni mpaka mavuno ya alizeti, mbele ya mashahidi wawili, kadi ya gari ikabaki kwa msimamizi kama rehani. Kuandika deni kumeamrishwa katika Surat Al-Baqarah, aya ya 282, na rehani imetajwa katika aya inayofuata. Alimaliza deni kabla ya muda. Gari hilo leo linabeba magunia, na mzee anajua ni wapi kwenye chesesi pa kuangalia kila mwezi.

HITIMISHO

Wanafunzi na wazazi wapenzi, mkitaka kujua kama bei ya gari kuukuu, au ng'ombe, au kiwanja, ni ya haki, msianze kwa kumtazama sura muuzaji au mnunuzi. Tafuteni mfano wake uliouzwa kweli, hapa na sasa. Waiteni wajuzi wakague. Toeni gharama ya kila kasoro, hata ile mnayoijua ninyi peke yenu. Kisha ulizeni ni mali ya nani. Hakim bin Hizam (R.A.) amesimulia kwa Mtume (S.A.W.) kuwa wauzianao wakisema kweli na wakabainisha hubarikiwa katika mauzo yao, na wakificha na kusema uongo baraka ya mauzo yao hufutwa. Ameipokea Bukhari na Muslim.

Na enyi wanafunzi, msione haya kumuuliza mwalimu wenu, kwa adabu, jambo alilolisema limetoka wapi.

MASWALI YA ZOEZI

1. Taja mambo manne yanayozingatiwa katika bei ya mfano (thamanul-mithl). Eleza kwa nini bei ya milioni 12 haikufaa kuwa kipimo.

2. Katika mirathi hii, kwa nini mdogo wake marehemu hakupata fungu ingawa ndiye msimamizi?

3. Pikapu ya mfano wake ikiwa nzima huuzwa 7,200,000. Matengenezo yanayohitajika ni 2,400,000. Tafuta bei yake ya haki. Kisha gawa bei hiyo kwa mke, watoto wawili wa kiume na wawili wa kike.

4. Fundi ameona kasoro ya gari, lakini muuzaji ni rafiki yake. Afanye nini? Toa ushahidi kutoka katika somo.

5. Waulize wazazi wako kitu kimoja walichonunua kikiwa kimetumika. Walijuaje bei yake? Andika nusu ukurasa.